Miksa ya Behringer X32 baada ya miezi minane kanisani Dodoma

Kanisa letu lililoko upande wa Ipagala, jijini Dodoma, lilitumia miksa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti) ya analojia ya chaneli 16 kwa muda mrefu kiasi kwamba sisi mafundi mitambo wawili tuliokuwa tukipokezana zamu tulijua kwa kupapasa tu, hata umeme unapokatika usiku wa mkesha, ni kirungu kipi cha kinanda na kipi cha maiki ya mhubiri. Miezi minane iliyopita kamati ya muziki ilinunua miksa ya kidijitali, Behringer X32, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitumia kila Jumapili, kila Jumamosi ya mazoezi ya kwaya na katika semina mbili za nje. Naandika kwa ajili ya makanisa, kumbi na vikundi vya ngoma vya huku kwetu ambavyo viko mbioni kununua miksa ya kidijitali, na nitaipima mashine hii kwa swali ambalo muuzaji wetu hakuligusa: je, mtu aliyezoea analojia anaweza kujifunza kuitumia bila kuvuruga ibada za watu katika kipindi chote anachojifunza?

X32 si mashine mpya. Iliingia sokoni mwaka 2012, ikitengenezwa na kampuni iliyoanzishwa Ujerumani na Uli Behringer mwaka 1989, na vikuza sauti vyake vya kuingilia maiki, ambavyo ni 32, vilibuniwa na Midas ya Uingereza, jina linaloheshimiwa na mafundi wa jukwaani. Ina feda 25 (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zenye mota, basi 16, yaani njia za kupeleka sauti kwenye monita (spika za waimbaji kujisikia) na kwingineko, nafasi 8 za efekti na kioo cha rangi cha inchi 7. Uzito wake unazidi kilo 20, kwa hiyo kuihamisha ni kazi ya watu wawili. Ukubwa wa umri wake umekuwa faida kwetu, kwa sababu karibu kila kosa ambalo mgeni anaweza kulifanya limeshafanywa na wengine na ufumbuzi wake unajulikana.

Ugumu unaanzia mahali ambapo sikupategemea. Nilidhani nitahangaika na menyu za kwenye kioo, kumbe kilichonisumbua ni feda zenyewe. Upande wa kushoto zipo 16, lakini zinabeba chaneli zote 32 na zaidi, kwa matabaka: ukibonyeza kitufe kimoja ni chaneli ya 1 hadi 16, ukibonyeza kingine feda zinajisogeza zenyewe na kuwa ya 17 hadi 32. Juu ya feda hakuna safu ya virungu kwa kila chaneli kama tulivyozoea. Ipo seti moja tu ya virungu, nayo inaitumikia chaneli yoyote uliyoichagua. Katika analojia mkono ukienda mahali pake umefika. Hapa mkono unaweza kufika mahali pale pale na kugusa kitu kingine kabisa. Fundi analazimika kujenga tabia ya kujiuliza, kabla ya kila mguso, ni chaneli gani iliyochaguliwa na feda hizi kwa sasa zinaongoza nini.

Sikuwa na tabia hiyo Jumapili ya tatu. Mwimbaji wa sauti ya kwanza aliniashiria kwamba hajisikii kwenye monita, nami nikabonyeza kitufe kilichoandikwa "Sends on Fader", ambacho huzifanya feda za kushoto zionyeshe kiasi cha sauti kinachokwenda kwenye basi uliyoichagua, badala ya kile kinachokwenda kwenye spika za washarika. Nikamwongeza, akatabasamu. Kisha nikasahau kukizima. Mhubiri alipopanda madhabahuni na sauti yake ikawa ndogo, nilisukuma feda yake hadi juu, na kwa kuwa washarika hawakusikia mabadiliko yoyote nikazidi kusukuma, huku sauti yote hiyo ikimiminika kwenye monita za kwaya mpaka maiki zikaanza kupiga mluzi na akina mama wa safu ya mbele wakaziba masikio. Taa ya kitufe kile ilikuwa inawaka muda wote mbele ya macho yangu. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya alinifuata taratibu akasema, "Mwanangu, mashine ni nzuri, ila leo imetupiga." Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo nikimaliza kumrekebishia mtu monita sitoi mkono mpaka nihakikishe taa imezimika.

Jambo la pili la kulifahamu mapema ni kiwango cha sauti inayoingia. Katika miksa yetu ya zamani tuliruhusu taa nyekundu iguseguse, na sauti ikawa nzito kidogo tu. Katika kidijitali sifuri ndiyo mwisho wa barabara: sauti ikifika hapo inakatwa kichwa, na mkwaruzo wake hauponyeki kwa ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti za juu) wala kwa kushusha feda. Mazoea yanayofaa ni kumwacha mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote, kisha kupanga geini, yaani nguvu ya sauti inapoingia, ili kipimo cha sauti kicheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri. Mwanzoni kiwango hicho kinaonekana kidogo mno kwa jicho, lakini kinaacha nafasi ya kutosha kwa mhubiri anayepaza sauti ghafla, na wahubiri wetu hupaza.

Kinachonifanya niisifu X32 kwa moyo wote ni uwezo wa kufanya mazoezi bila watu. Nyuma yake ina kadi inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na kwa njia hiyo hurekodi chaneli 32, kila moja peke yake. Jumamosi tunarekodi mazoezi ya kwaya. Jumanne jioni nafungua kanisa, nabadilisha njia ya kuingilia ili chaneli zisome kutoka kwenye kadi badala ya kwenye maiki, na kwaya nzima inaanza kuimba ndani ya jengo tupu. Naweza kurudia ubeti mmoja mara ishirini, nikijaribu kukata besi ya chini kwenye maiki za altu au kutafuta ni wapi gitaa linagombana na kinanda, bila kumchosha mtu yeyote. Katika analojia darasa langu lilikuwa Jumapili peke yake, mbele ya washarika, na kila kosa lilisikika. Nafasi ya namna hii ilihitaji studio, na nadhani wanaoinunua mashine hii bila kuitumia kwa ajili hiyo wameacha nusu ya thamani yake sanduku­ni.

Lipo moja ambalo rekodi haiwezi kufundisha. Sauti inarekodiwa baada ya kupita kwenye geini, hivyo kupanga geini kunabaki kazi ya kufanywa na waimbaji wakiwepo. Pia lazima ukumbuke kurudisha njia ya maiki kabla ya ibada, la sivyo kwaya itasimama na maiki zote zitakuwa kimya. Nimehifadhi mipangilio miwili kamili, mmoja nikauita Mazoezi na mwingine Ibada, kati ya nafasi 100 zilizopo, na Jumapili asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuuita ule wa pili na kugonga maiki moja moja.

Mfano mmoja utaonyesha mazoezi hayo yalivyotusaidia. Kikundi cha wazee wetu hupiga malimba na zeze katika nyimbo za Kigogo, na malimba yale yana vijitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui, ambao hufanya kila ulimi wa chuma ulie na mnong'ono wake pembeni. Nilikuwa nimeipa chaneli ile mpangilio uliokuja na mashine, ukiwa na geti iliyokusudiwa kunyamazisha kelele pale chombo kinapotulia. Geti ilifanya kazi yake kwa bidii, ikaona mnong'ono ule ni kelele, ikaukata. Katika ibada nilihisi tu kwamba malimba yamekauka, nisijue sababu. Jumanne, nikirudia noti moja huku nikitazama taa ya geti kwenye kioo, niliona inafunga kabla mlio haujaisha. Niliizima, na mzee mwenye malimba, aliposikia rekodi, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sasa hapo ndiyo lenyewe." Kwa vikundi vya ngoma za hapa nasema wazi: mipangilio iliyokuja na mashine ilitungwa kwa ajili ya vyombo vingine. Anzeni na chaneli tupu.

Jengo letu lina paa la bati na kuta zisizo na pazia, na hapo ikwalaiza yake imetufaa sana. Kila chaneli ina bendi nne, kila basi ina sita, na kioo huonyesha mawimbi ya sauti yanayopanda na kushuka wakati huo huo, kwa hiyo mluzi ukianza unaona mnara wake na kuushusha mahali penyewe badala ya kubahatisha. Wakati wa semina ya nje watu walikaa hadi chini ya turubai, nasi tukaweka spika za nyongeza umbali wa mita 17 kutoka za mbele. Sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ile ya mbele huchukua karibu milisekunde 50 kufika huko, wakati ile ya kwenye waya hufika papo hapo na maneno ya mhubiri husikika mara mbili. Niliichelewesha sauti ya spika za nyuma kwa milisekunde hizo, na maneno yakarudi kuwa mamoja. Miksa yetu ya zamani isingeweza.

Kuhusu mapungufu, mashine haina Wi-Fi ndani yake. Ukitaka kuzunguka ukumbini na tableti ukirekebisha sauti kutoka viti vya nyuma, lazima ununue rauta yako mwenyewe, na rauta hiyo iwekewe nywila ambayo vijana wa kwaya hawaijui. Tofauti na analojia, umeme ukikatika na kurudi haiwaki mara moja, inahitaji kujiandaa upya, na huo ukimya katikati ya mahubiri ni mrefu sana kwa fundi. Tuliongeza UPS, betri ya kushika umeme unapokatika, na tatizo likaisha. Kisha kuna vumbi. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huliingiza hadi kwenye droo zilizofungwa, na feda zenye mota hazivumilii vumbi kirahisi kama virungu vya zamani. Fundi cherehani wa jirani alitushonea mfuniko wa turubai laini, nasi huifunika mashine ibada inapokwisha, ikishapoa.

Wapo walioniuliza kama isingekuwa busara kununua XR18 ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ni ndogo, ina Wi-Fi yake na bei yake ni nafuu zaidi. Kwa bendi inayosafiri na fundi mzoefu, ndiyo. Kwa anayejifunza, hapana, kwa sababu haina feda hata moja, kila kitu kiko kwenye tableti, na mtu anayetoka analojia anahitaji kitu cha kushika wakati kichwa kinazoea njia mpya za sauti. Ambaye hajaamua anaweza kupakua bure programu ya X32-Edit kwenye kompyuta, akazunguka kurasa zote bila kuwa na mashine. Natamani ningefanya hivyo mwezi mmoja kabla.

Msaidizi wangu wa sasa ni binti wa kidato cha nne ambaye hajawahi kugusa miksa ya analojia. Nilimwanzishia kwenye rekodi za Jumanne, wiki tano mfululizo, ndipo akaendesha ibada ya kwanza ya asubuhi, na hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inafaa kununuliwa, kwa kanisa au ukumbi ulio tayari kumpa fundi wake ufunguo wa jengo siku za katikati ya wiki na kompyuta ya kurekodia. Katika bajeti hesabuni pia UPS, rauta na mfuniko. Fedha zikitosha mashine peke yake, ongezeni muda wa kuchanga kwanza, na miksa yenu ya analojia iendelee kufanya kazi.