Nati na skrubu za plastiki za feni: uanzie wapi kununua hapa Tanga

Feni nyingi ninazoziona zimetupwa nyuma ya nyumba hapa Tanga zina mota nzima kabisa. Kilichoziua ni kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda: nati inayoshika panga, au kiskrubu cha wavu, au kile cha shingoni kinachozuia kichwa kisiiname kama mzee anayesinzia barazani. Joto la Februari halisubiri, mtu anakimbilia kununua feni nyingine. Kabla hujafanya hivyo, zunguka kidogo.

Kwanza nikuambie kwa nini ilikatika, maana usipojua utaikata na mpya. Feni ya mezani au ya kusimama ina nati mbili za plastiki zilizofuatana. Ya nyuma, kubwa na nyembamba, inabana wavu kwenye mota, na hiyo hufunguka kama nati yoyote. Ya mbele, inayobana panga, ina meno ya kushoto. Unaifungua kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa, yaani upande uliozoea kufungia. Waliotengeneza hawakukosea: feni inapowashwa mota inaondoka ghafla na panga linabaki nyuma kidogo, na mvutano huo ndio unaokaza nati badala ya kuilegeza. Sasa mtu anataka kuosha vumbi kabla ya Idi, anashika nati, anazungusha kule alikozoea, inagoma, anachukua plaizi. Paa! Mimi mwenyewe nimezikata mbili hivyo, ya pili nikiwa nimeshaambiwa.

Kwa hiyo unapokwenda dukani usiseme tu "nataka nati ya feni". Nenda na kilichokatika, vipande vyote, na kama feni ni ya mezani ibebe yenyewe kwenye bodaboda. Nati hizi hazina kipimo kimoja cha dunia nzima. Feni mbili za inchi 16 zilizo kwenye rafu moja zinaweza kuwa na ncha za mota zinazolingana kwa macho, mara nyingi milimita 8, lakini meno ya moja ni mapana na ya nyingine ni membamba. Nati isiyo yake huingia mizunguko miwili, ikakaza, ukafurahi. Kumbe imejichonga njia mpya, na wiki hiyo hiyo inachomoka.

Chaguo langu la kwanza, na ni moja tu linaloweza kulishinda, ni nati iliyotolewa kwenye feni iliyokufa. Mafundi wa redio na feni katika barabara za Ngamiani, na wale wanaokaa kuelekea soko la Mgandini, huwa na ndoo au boksi la mabaki. Salimia vizuri, "Shikamoo mzee, naomba nichakure", na utaruhusiwa kujaribu moja moja kwenye feni yako mpaka ipatikane inayoingia kwa vidole tu, bila nguvu, mpaka mwisho. Bei yake mara nyingi ni ya chai na maandazi. Ikague kwenye mwanga: plastiki iliyowahi kukazwa kupita kiasi huacha mstari mweupe kwenye kona za meno au pale tundu linapoanzia. Ukiuona huo weupe, irudishe ndooni hata kama inaingia vizuri. Na ukipata nati nzima ya aina yako, nunua mbili. Fundi atakucheka, mwache acheke.

La pili ni spea mpya kutoka duka la vifaa vya umeme. Zipo za pakiti, nati ya panga na nati ya wavu pamoja. Ubaya wake ni kwamba nyingine zimemwagwa kwa plastiki ya hovyo: zina kingo zenye mabaki ya kalibu ya kiwandani, na ukiibana kidogo kwa vidole inalia. Iliyo nzuri ina kipete cha chuma au cha shaba ya njano ndani ya tundu, na meno yamechongwa kwenye hicho kipete. Ukiikuta hiyo, ichague kuliko ile ya mabaki. Muuzaji akikukatalia kuijaribu kwenye feni yako kabla ya kulipa, toka taratibu.

Tumeongea nati, skrubu ndogo ni habari nyingine, na hapo nailoni, aina ya plastiki ngumu, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa nyumba za karibu na maji, za Raskazone, Sahare na kwingineko upepo wa chumvi unakofika. Kile kiskrubu cha chini ya wavu kinachounganisha wavu wa mbele na wa nyuma kwa kawaida ni cha milimita 3 au 4. Kilichokuja na feni mara nyingi ni chuma kilichopakwa zinki, na kwa hewa yetu hakichukui muda kutoa kutu na kung'ang'ania. Nailoni haijui kutu. Inanyonya unyevu wa hewa, inavimba kiasi kidogo sana na kuwa ngumu kukatika, jambo ambalo mjini kwetu ni faida. Adui yake ni jua. Feni inayokaa barazani ichukulie nailoni nyeusi, kwa sababu ile rangi inaikinga na jua; nyeupe huliwa na kuwa kama mfupa mkavu. Hadiwea za hapa hazina nailoni kila siku. Ukikosa, mtu wako aliyeko Dar anaweza kukutafutia Kariakoo akupakilie kwenye basi. Mwandikie kipimo kamili: kipenyo, urefu, na umbali kati ya jino na jino. Ya milimita 4 ya kawaida ina umbali wa milimita 0.7, ya milimita 3 ina 0.5, ya milimita 5 ina 0.8. Akikuletea skrubu ya mbao usimlaumu, hukumwambia.

Stenlesi naiweka nyuma ya nailoni, ingawa mafundi wengi watanibishia. Ni imara, na kwa mguu wa feni, pale stendi inaposhikana na kitako, ndiyo inayofaa kuliko zote. Lakini ukiikaza kwenye plastiki inakula meno ya plastiki, wewe ukidhani bado hujafika. Weka washa ya plastiki chini yake na ukaze kwa vidole viwili. Ukiitia kwenye alumini mahali penye chumvi, ipake grisi kidogo, la sivyo siku ya kuifungua itaganda humo. Dukani nenda na sumaku ndogo: stenlesi ya kawaida ya skrubu haivutwi, au inavutwa kidogo sana. Ikirukia sumaku kama njaa, ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki na kung'arishwa, au stenlesi ya daraja la chini itakayoota kutu.

Sehemu mbili tu usibadilishe plastiki kwa chuma hata ukipewa bure: kisanduku cha swichi na kifuniko cha nyuma ya mota. Feni nyingi zina waya mbili tu, hazina ya ardhi, na plastiki ile ndiyo inayokutenga na volti 230. Skrubu ya chuma iliyozidi urefu kwa milimita chache inaweza kugusa waya ndani, na kichwa chake kikabaki nje kinakusubiri wewe au mtoto. Hapo kilichotoka kikiwa plastiki rudisha plastiki, kikiwa chuma rudisha chuma chenye urefu ule ule, na feni iwe imechomolewa ukutani.

Za zinki nunua kama unaishi mbali na pwani, Korogwe huko au Lushoto. Tundu lililokwisha meno, njiti ya kiberiti iliyovunjwa ndani yake inashika kwa muda, na kwa wavu inatosha. Gundi kwenye nati ya panga, hapana. Panga linazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na wavu wa siku hizi ni mwembamba.

Ukishapata nati yako, ifunge hapo hapo dukani, omba soketi, washa namba moja, kisha tatu, usimame pembeni ya feni na si mbele yake. Panga likitetemeka, zima, ligeuze nusu mzunguko kwenye pini yake, ujaribu tena. Likitulia, lipa.