Ulezi na mtama wa soko la Kadutu: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mfuko wa kwanza wa unga wa ulezi niliununua Kadutu, hapa Bukavu, kilo moja iliyokwisha sagwa. Nilikuwa namtafutia mtoto wangu unga wa uji, kwa sababu gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na punje ni ndogo mno hata haikobolewi: inasagwa na ganda lake na kiini chake. Rangi ilinipendeza, hudhurungi yenye wekundu. Lakini kijiko cha pili mtoto akakunja uso. Mchanga! Sufuria nzima nikaimwaga, na iliniuma, maana unga huo ni ghali kuliko wa muhogo.

Nikamrudia muuzaji. Hakubisha. "Mama, ulezi unapurwa chini, kupepeta tu hakutoshi. Chukua punje, uzioshe mwenyewe." Akanipa kilo nyingine bila malipo, na tangu hapo sinunui tena uliosagwa.

Naosha kwa beseni mbili. Namimina maji juu ya punje, nazungusha kwa mkono, halafu nazihamisha polepole pamoja na maji yake kwenye beseni ya pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Narudia mara nne au tano mpaka chini pasibaki kitu, kisha naanika juu ya kitambaa, jicho moja likiwa mawinguni, kwa kuwa mvua ya Bukavu haipigi hodi. Kwenye mashine ya kusaga, usimfuate mwenye muhogo. Mabaki yake yaliingia katika ulezi wangu mara moja, uji ukavutika kama ute. Siku hizi nasubiri amalize mtu wa mahindi.

Uji wake sasa ni mtamu kweli, hasa nikiuloweka unga usiku kucha ukapata uchachu kidogo. Bugali napika nusu ulezi, nusu muhogo, maana ulezi peke yake unameguka mkononi. Ukiula na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya Ziwa Kivu, hutaki kitu kingine.

Mtama ulinisumbua zaidi. Ule mwekundu mara nyingi una tanini, ndiyo inayoacha ukakasi ulimini. Kwa mkate chukua mweupe. Mkate wangu wa kwanza niliutia mtama mtupu, haukuumuka hata kidogo, kwa kuwa mtama hauna gluteni, ile inayofanya donge la ngano livutike na kushika hewa. Sasa natia kikombe kimoja cha mtama kwa vitatu vya ngano, naoka kwenye sufuria yenye makala chini na juu ya kifuniko. Unatoka laini, na ganda lake lina harufu ya karanga.

Muuzaji yule nampendekeza kwa moyo wote. Ila nunua kwake kilo mbili mbili tu za kusaga: kiini kina mafuta, na unga ukikaa sana unaanza kunuka na kuwa mchungu.