Okidi (ua la orchid) ya chungu au ya juu ya mti kwa nyumba ya Kisumu?

Okidi ya chungu, aina ya Phalaenopsis, ni ghali, lakini maua yake hukaa miezi 2 hadi 3. Hutaka kivuli na maji kidogo. Mizizi ikilowa daima huoza, na hilo ndilo huua nyingi.

Okidi ya juu ya mti, Ansellia africana, ni ya kwetu Afrika, maua yake ni manjano yenye madoa ya kahawia. Hukaa juu ya miti, na mashina yake manene huweka akiba ya maji ya kiangazi. Ikishashika mwembe, kazi imepungua sana. Tafadhali usiing'oe msituni. Tafuta iliyooteshwa kitaluni.

Mpangaji achukue ya chungu, atahama nayo. Mwenye mwembe uani na subira ya miaka, afunge Ansellia juu yake.