Gia ngumu: nyaya mbili za klachi na oili mbili kwenye pikipiki moja

Habari zenu wakuu. Pikipiki iko hapa mbele yangu, nimeisimamisha kwa stendi ya kati ili tairi la nyuma lielee. Nimeurudisha waya wa zamani wa klachi makusudi ili mshuhudie wenyewe. Angalieni mguu wangu. Nabana klachi, nakanyaga gia... mnaona? Inagoma. Nakanyaga tena... hiyo, imeingia kwa kishindo.

Mnaobeba abiria mnanielewa. Unafika kwenye taa, unaitafuta frii, yaani pikipiki isiwe kwenye gia yoyote, inakuruka. Unashuka kutoka namba mbili unajikuta namba moja, ukipandisha unarudi mbili. Basi unakaa umebana klachi mpaka taa iruhusu, vidole vinakufa ganzi. Mimi nimeishi hivyo karibu wiki tatu. Fundi wa kwanza aliizungusha pikipiki mpaka pale kwenye kona, akarudi akasema gia boksi imekwisha, tufungue injini. Nikamwambia asubiri kwanza.

Kuna kipimo kimoja hakihitaji hata spana, na naomba mkijue kabla sijawaonyesha bidhaa yoyote. Zima injini. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili uwe unakandamiza pedeli ya gia. Ni lazima tairi lizunguke, kwa sababu meno ya ndani yakiwa yamesimama yanaweza kukutana uso kwa uso yakakataa kuingiana, hata kama ni mazima kabisa. Haya, hii yangu: moja... frii... mbili... tatu... nne. Laini. Gia zikiingia hivi injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwa inaunguruma, usikimbilie kuilaumu gia boksi, iangalie klachi kwanza. Unabana mkono, lakini kule ndani pleti, zile sahani za klachi zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gia, haziachani sawasawa, injini inaendelea kuisukuma shafti ya gia, na meno yaliyobanwa na nguvu ya injini hayaachiani kirahisi. Kama zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, hiyo ni habari nyingine, nitaigusa baadaye.

Tuanze na waya. Naufungua huu wa zamani, dakika moja... haya, sogezeni macho. Hapa kichwani, pale unapoingia kwenye mkono wa klachi, nyuzi tatu zimekatika na zimesimama kama miiba. Na kava lake limechubuka pale lilipokuwa likisuguana na shingo ya usukani. Ukibana waya wa namna hii, nguvu yako inapotelea njiani. Unavutika, unakwaruzana, na milimita chache zikipotea huku juu, pleti kule chini hazifunguki.

Nilinunua nyaya mbili Kariakoo. Majina ya kwenye pakiti siyataji, kwa sababu pakiti zinazofanana unaweza kukuta mali tofauti ndani. Nataka mjue kuukagua waya wenyewe, ukiwa bado umesimama dukani.

Huu wa kwanza ni wa bei ya chini. Ushike hivi, vuta ncha moja kisha nyingine. Unausikia ukikwaruza? Ni chuma juu ya chuma, ndani hakuna bomba la plastiki. Siku mbili za kwanza gia zilikuwa nzuri mno, nikafurahi. Wiki ya pili mkono ukaanza kulegea. Nakaza, unalegea, nakaza tena. Kilichonikatisha tamaa kabisa ni mvua: maji yaliingilia huku juu, klachi ikawa nzito kama mtu amefunga jiwe.

Huu wa pili bei yake ni kama mara mbili. Vuta... husikii kitu, unateleza tu, kwa sababu ndani una bomba la plastiki. Kichwa chake kimekaa katikati, hakuna uzi uliotokeza. Na tazameni kipira hiki cha kuziba maji hapa juu. Ni kidogo, lakini kwetu sisi, masika maji, kiangazi vumbi, kipira hiki ndicho nilichokilipia. Nimeutumia miezi miwili na nimeukaza mara moja. Ningeununua tena bila kufikiria. Ule wa kwanza siwashauri hata uwe wa dharura, maana wa dharura huishia kukaa mwaka.

Sasa kuufunga, na hapa nawaomba utulivu kidogo, kwa sababu ndipo klachi nyingi zinapouawa. Mkono wa klachi lazima uwe na nafasi ya bure nchani kabla haujaanza kuvuta kitu. Kwa nyingi ya pikipiki hizi ndogo ni kati ya milimita 10 na 20, upana wa kidole hivi. Nafasi ikizidi, pleti haziachani, gia zinakuwa ngumu. Sasa kijana akiona gia ngumu anakaza nati, anakaza, mpaka nafasi yote inaisha. Gia zinalainika kweli, na anaondoka ameridhika. Kumbe sasa waya umezivuta pleti muda wote, hata akiwa ameachia mkono. Hazibanani kikamilifu, zinateleza, zinaungua. Atakuja kujua siku anapanda mlima na abiria, injini inalia na mwendo hauongezeki. Hapo pleti zimekwenda, kwa waya ambao ulihitaji kulegezwa mizunguko miwili. Inaniuma sana nikiona hilo, kwa sababu ile pikipiki ndiyo chakula cha nyumba yake.

Oili. Nilijaribu mbili, waya ukiwa huo huo mpya: oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, na ya chupa iliyofungwa, ya uzito wa 20W-50. Kumbukeni kwenye pikipiki hizi oili moja inafanya kazi zote, inalainisha pistoni, inalainisha gia, na pleti za klachi zimelowa ndani yake. Ndiyo maana oili ya gari inaweza kukuangusha: baadhi zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na klachi yetu inaishi kwa msuguano. Geuza chupa, nyuma yake tafuta kisanduku kilichoandikwa JASO, na ndani yake MA au MA2. Ni kiwango cha Wajapani, kipo tangu 1998. Ukikuta MB, hiyo iachie skuta ambazo klachi yao hailowi oili.

Nilichokiona kwa oili hizi? Ile ya pipa ilianza vizuri, lakini injini ikichemka kwenye foleni ya mchana gia zilikuwa zinagonga, na frii ikaanza tena kujificha. Hii ya chupa, MA2, imebaki tulivu mpaka siku ya kuimwaga. Ila niseme ukweli: iliyotibu ugonjwa ni waya. Oili imesaidia, lakini mtu akikuuzia chupa ya bei kubwa akakuahidi gia zitalainika wakati waya wako una miiba, usimpe hela yako.

Kama gia zinagoma hata injini imezimwa, anza na bolti inayobana pedeli ya gia kwenye shafti yake. Ikilegea, meno yake yanalika, unakanyaga na pedeli inazunguka bure. Pedeli ikikanyagwa isirudi, mara nyingi ni springi yake imekatika, na kwenye nyingi ya pikipiki hizi unaifikia kwa kufungua upande wa klachi, bila kupasua injini. Ukifika humo, pitisha ukucha kwenye kuta za bakuli linalobeba pleti. Ukisikia vishimo, pleti mpya zitaendelea kunasia humo humo. Na pleti mpya zilowekwe kwenye oili kwanza, zisifungwe kavu.

Gia inayochomoka yenyewe ukivuta mafuta, hiyo ndiyo inayoweza kumpa fundi haki ya kupasua injini. Meno yameliwa kona, au uma unaoyasukuma umepinda.

Haya, nimeshaufunga waya wa pili. Nafasi ya kidole... ipo. Nawasha. Nabana. Moja... sikilizeni, hakuna kishindo. Mbili. Sasa frii, kwa ncha ya kiatu... taa ya kijani hiyo.