VLC kwa video za Google Drive zinazogoma kucheza: inafaa wapi, inakwama wapi

Wapiga video wa Mwanza wameacha kukabidhi DVD. Harusi ya Nyegezi, sendofu ya Igoma, uzinduzi wa albamu ya kwaya au ngoma za Bulabo kule Bujora, zote siku hizi humfikia mwenye shughuli kama kiungo cha Google Drive kilichotumwa kwa WhatsApp, na mara nyingi salio huwa limeshalipwa kabla mteja hajafungua chochote. Akishapakua, kompyuta inamletea sauti bila picha, au picha inayokwamakwama, au ujumbe kwamba faili haliwezi kufunguliwa. Anachokifikiria kwanza ni kwamba video imeharibika, na anachokifanya baada ya hapo ni kubeba laptopu kwenda kwa fundi mjini. Tathmini hii inaihusu VLC, programu ya kuchezea video, ambayo kwa maoni yangu inapaswa kutangulia safari hiyo, ingawa sifa inazopewa mitandaoni kama programu ya kutengeneza video mbovu zimetiwa chumvi. VLC ni kipimo kizuri kuliko ilivyo dawa, na anayeitumia kwa matarajio hayo hatajuta.

Programu yenyewe inatoka VideoLAN, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoko Ufaransa. Mradi ulianzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, na tangu 2001 umekuwa chini ya leseni huria ya GPL. Ni ya bure, haina matangazo, na faili lake la kusakinisha kwenye Windows halifiki MB 50, kwa hiyo hata mwenye bando dogo anaimudu. Ipakuliwe kwenye tovuti ya videolan.org tu, kwa kuwa zipo tovuti nyingine zinazotumia ikoni ileile ya koni ya barabarani na kumpa mtu programu iliyofungashwa pamoja na takataka. Kinachoitofautisha na kichezaji cha Windows ni kwamba inakuja na kodeki zake yenyewe, yaani zile programu ndogo za kufumbua picha na sauti zilizobanwa, wala haitegemei zilizomo ndani ya kompyuta. Jambo hilo moja linatatua sehemu kubwa ya malalamiko.

Chanzo cha malalamiko hayo ni H.265, kiwango cha kubana video kilichoidhinishwa mwaka 2013, ambacho kinaweza kuipunguza video hadi takribani nusu ya ukubwa ambao ingekuwa nao kwa H.264, kiwango kilichotangulia cha mwaka 2003, bila ubora kushuka kwa namna inayoonekana. Tangu iOS 11 ilipotoka mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata zinarekodi kwa H.265 zenyewe, bila mwenye simu kuchagua, na simu nyingi za Android zinaweza kufanya hivyo pia. Kompyuta ya Windows isiyo na kodeki hiyo humwelekeza mtumiaji kwenye duka la Microsoft, ambako kiongezi kinauzwa kwa dola 0.99. Fedha ni kidogo, ila kwa mtu asiye na kadi ya malipo ya mtandaoni hata senti kumi ni mlima. VLC inacheza faili hilohilo bila kudai chochote.

Hapa ndipo inapofaa kama kipimo. Video ikiwa wazi ndani ya VLC, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Kidirisha kitakachofunguka kinaorodhesha mikondo iliyomo ndani ya faili: mkondo wa picha, mkondo wa sauti, vipimo vya fremu na idadi ya fremu kwa sekunde. Kwenye mstari wa kodeki ya picha, ukikuta H264 na herufi avc1, faili hilo lingepaswa kucheza karibu kila mahali, na tatizo litafutwe kwingine. Ukikuta HEVC au H.265 na herufi hvc1 au hev1, umeshapata jibu: video ni nzima, kompyuta ndiyo isiyoijua lugha yake. Sijaona kichezaji kingine cha bure kinachomwonyesha mtu wa kawaida habari hizo kwa wepesi huo.

Kucheza, hata hivyo, si kucheza vizuri. Laptopu za mtumba zinazouzwa mjini bado nyingi zina vichakato (prosesa) vya Intel vya kizazi cha tatu na cha nne, na vichakato hivyo havina sakiti maalumu ya kufumbua H.265; uwezo huo ulianza kuonekana kwenye kizazi cha sita cha mwaka 2015, na kwa video za biti 10, yaani zenye viwango vingi zaidi vya rangi, ni kuanzia kizazi cha saba. Kwenye mashine kongwe VLC hulazimika kuifanya kazi yote kwa nguvu ya kichakato kikuu, feni inapiga kelele, na bibi harusi anaingia ukumbini kwa kurukaruka huku muziki ukiwa umeshafika kwenye wimbo unaofuata. VLC haina kosa hapo, lakini pia haina msaada, kwa kuwa hakuna mpangilio ndani yake utakaoigeuza mashine ya 2012 kuwa mpya. Faili la namna hiyo linahitaji kubadilishwa kuwa H.264, suala nitakalolirudia.

Kundi la pili la video zinazogoma ni zile ambazo hazijafika zote, nalo linastahili maelezo marefu kwa sababu ndilo linalowachanganya watu na ndilo linalowapatia mafundi wengine fedha za bure. Chukua mfano wa video ya kwaya ambayo kwenye Google Drive inaonyesha ukubwa wa GB 1.9 na kwenye folda ya vipakuliwa ina MB 700. Mtandao ulisuasua, bando likaisha, au kifuniko cha laptopu kilifungwa kazi ikiwa katikati. Fundi mwaminifu hutazama namba hizo mbili na kusema, “Mama, video yako ni nzima, ila haijafika yote, ipakue upya,” na anamwachia mteja aende zake. Asiye mwaminifu anaipokea laptopu na kumwambia arudi kesho.

Kinachowapotosha watu ni kwamba mafaili mawili yaliyokatika kwa namna ileile yanaweza kuonyesha dalili tofauti kabisa. Faili la MP4 au MOV lina sehemu iitwayo moov, ambayo ni fahirisi inayokieleza kichezaji kila fremu iko wapi. Kamera na simu kwa kawaida huiandika fahirisi hiyo mwishoni, kurekodi kunapokamilika, kwa hiyo faili asilia lililokatika njiani linaikosa na halifunguki hata sekunde moja, japo lina mamia ya megabaiti za picha safi ndani yake. Video iliyopitia kwenye programu ya kuhariri na kutayarishwa kwa ajili ya mtandao huwa na fahirisi mwanzoni. Hiyo ikikatika, VLC itaicheza vizuri mpaka pale ilipoishia, na mwenye nayo ataamini kwamba mpiga video hakurekodi misa yote. Ukibonyeza Ctrl na M, VLC hufungua dirisha la ujumbe wake wa ndani, na kwa faili la aina ya kwanza utaona malalamiko yanayolitaja neno moov. Ukiliona, linganisha ukubwa kwanza kabla ya kufikiria lolote lingine.

Tabia za hifadhi ya mtandaoni yenyewe nazo zinafaa kujulikana. Google Drive haichezi faili asilia ndani ya kivinjari. Hutengeneza nakala yake nyepesi kwa ajili ya kutazamwa mtandaoni, ndiyo maana video ya H.265 inaweza kucheza vizuri ukiwa umefungua kiungo na ikagoma baada ya kupakuliwa. Kwa mtazamaji hiyo ni habari njema, kwa sababu inaashiria kwamba kilichopandishwa kilikuwa kizima. Ukipakua folda nzima, mafaili yanafungashwa kwa ZIP, na folda kubwa hugawanywa katika ZIP kadhaa ambazo zote zinapaswa kufika; kupakua video moja baada ya nyingine kunachosha zaidi lakini kuna usumbufu mdogo zaidi. OneDrive, hifadhi ya Microsoft, nayo ina lake: faili linaweza kuonekana kwenye kompyuta likiwa na alama ya wingu pembeni, ilhali maudhui yake bado yako mtandaoni, na likibofywa bila intaneti halitafunguka. VLC haiwezi kukwambia lolote kati ya hayo. Inakwambia tu kwamba imeshindwa.

Sasa nije kwenye sifa zilizotiwa chumvi. Ni kweli kwamba ndani ya mipangilio ya VLC upo uchaguzi wa kurekebisha mafaili yaliyoharibika, lakini uchaguzi huo ni wa mafaili ya AVI, aina kongwe ya faili la video, peke yake, na hata kwa hayo hujenga upya fahirisi wakati wa kucheza bila kuliponya faili lililo kwenye diski. Ushauri unaosambaa wa kuubadilisha mwishilio wa jina kutoka .mp4 kwenda .avi ili VLC ilitengeneze faili ni wa kupuuzwa. Jina halibadilishi kilichomo ndani, na VLC yenyewe hukagua maudhui badala ya kuliamini jina.

Faili ambalo limepakuliwa lote, ukubwa unalingana, na bado moov haipo, liliharibika kabla ya kupandishwa: simu ilizimika kwa kuishiwa chaji katikati ya kurekodi, au kadi ya kumbukumbu ilichomolewa kabla kamera haijamaliza kuandika. Kwa hilo VLC haina dawa. Inayofaa ni untrunc, programu huria ambayo huhitaji video nyingine nzima iliyorekodiwa kwa kifaa kilekile na kwa mipangilio ileile, ili ijifunze mpangilio wa data na kujenga fahirisi upya. Sura yake si ya kirafiki, na matokeo hayana uhakika, lakini ni ya bure. Zile huduma za mtandaoni zinazoahidi kazi hiyohiyo hutaka kwanza upandishe faili zima kwao, na mtu aliyepata taabu kupakua GB 3 akiwa Nansio hatapenda kusikia kwamba sasa azirudishe juu. Nyingine humwonyesha kipande kifupi kilichopona, kisha ndipo zinapotaja bei.

Kuhusu kubadilisha kodeki, VLC ina uwezo huo kupitia Ctrl na R, na uchaguzi unaokuja wenyewe wa H.264 ndani ya MP4 ndio wengi wanaouhitaji. Ukurasa wake, hata hivyo, ni kero. Kazi ikianza, mstari wa muda husogea kana kwamba video inacheza, bila picha wala maelezo ya muda uliobaki, na mtu asiyejua hubonyeza kitufe cha kusimamisha na kuachiwa nusu ya faili. Kwa kazi hii ninaipendelea HandBrake, ambayo nayo ni ya bure na huria: unaburuta video ndani yake, unachagua mpangilio wa 1080p, na inakuonyesha asilimia iliyofikiwa. Kwenye laptopu ya zamani video ya saa mbili inaweza kuchukua usiku mzima, kwa hiyo ianzishwe jioni, chaja ikiwa imechomekwa na mpangilio wa kulala ukiwa umezimwa. Kwa kasoro hii ya kubadilisha ninaipa VLC nyota nne kati ya tano. Kama kichezaji na kama kipimo ingestahili zote.

Kuna tatizo moja ambalo hufanana na uharibifu bila kuhusiana na kodeki. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lililofikia GB 4, hata kama flashi ina nafasi ya GB 32. Mteja anayetaka kuhamisha harusi ya saa tatu ili aiangalie kwenye televisheni ya sebuleni huona unakili ukikataa, na analaumu video. Flashi ipangwe upya kwa exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo, na kuhakikisha kwamba televisheni yenyewe inausoma mfumo huo. Ikiwa haiusomi, HandBrake inaweza kulipunguza faili hadi chini ya kikomo.

Mpiga video naye ana la kufanya ambalo lingewapunguzia wateja usumbufu wote huu: kutoa nakala ya H.264 pamoja na ile asilia, au kwa wanaotumia iPhone, kuingia kwenye mipangilio ya kamera na kuchagua muundo unaokubalika na vifaa vingi kabla ya kwenda kwenye shughuli. Mteja anaweza kuliweka sharti hilo wakati wa kulipa malipo ya awali, kwa sababu baada ya salio kutolewa simu hupokewa kwa shida.

Fundi abaki kwa kazi inayomstahili. Kumlipa mtu akusakinishie VLC ni kununua kitu cha bure, lakini kuokoa faili lisilo na fahirisi, au kutafuta picha kwenye kadi iliyofutwa, ni kazi ya ujuzi na muda. Mpelekee kadi yenyewe iliyorekodi tukio, ikiwa haijarekodiwa kitu kingine baada ya hapo, pamoja na video moja nzima ya kifaa hichohicho, na mkubaliane kwamba malipo yatatolewa baada ya video kuangaliwa mbele yako, mwanzo, katikati na dakika za mwisho, si baada ya kuonyeshwa picha ya kwanza.