Kununua mwenza wa asparagasi: fungua kifuko utazame mizizi

Malalamiko ya wenye asparagasi ya mapambo hapa Dar yanafanana. Chungu kilipendeza miezi mitatu minne, kisha ua lililopandwa pembeni likadumaa, likageuka njano, likafa, huku asparagasi yenyewe ikizidi kunawiri. Linalaumiwa jua, yanalaumiwa maji ya bomba, analaumiwa dada wa nyumbani. Kosa lilishafanyika kitaluni, siku mwenza alipochaguliwa kwa uzuri wa majani.

Rangi na kimo utavipima mwenyewe kwa macho, sivigusi hapa. Kinachoamua ni mizizi. Ng'oa asparagasi iliyokaa mwaka mzima kwenye chungu uone: vifundo vyeupe vilivyojaa maji, kama viazi vidogo, vimebanana hadi udongo umebaki kidogo sana. Mmea huu si kangaga, ingawa majani yake yanadanganya. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na vifundo hivyo ni akiba yake ya kiangazi. Vikikosa nafasi hutanua chungu cha plastiki, hupasua cha udongo, na huuinua mmea mzima juu, hivyo maji unayomwagilia hutiririka pembeni na kutokea chini bila kulowesha katikati. Jirani mwenye mizizi minene ya kina kilekile hapo hana maisha.

Kwa hiyo mwenza anayefaa ana mizizi myembamba ya juujuu, anavumilia udongo kukauka kidogo, na akishindwa unampanda upya kwa kipande cha shina bila kurudi dukani.

Namba moja ni Tradescantia pallida, ile ya zambarau shina na majani. Sifichi upendeleo wangu: kwa chungu cha asparagasi sioni wa kushindana nayo. Kata shina la sentimita 10, ondoa majani ya chini, fukia pingili mbili, basi. Vipande 3 vinatosha, sentimita 15 kutoka shina la asparagasi, upande unaopata jua la asubuhi. Kivulini zambarau hufifia ikawa kijani na shina hurefuka likalegea. Jua la saa saba mchana nalo huichoma asparagasi ikapukutika. Baraza linalotazama mashariki huwaridhisha wote wawili. Kata ncha kila mwezi ili ichanue matawi, na nawa mikono, maana utomvu wa mimea yote miwili huwasha baadhi ya watu.

Namba mbili ni Epipremnum aureum, ile ya kutambaa yenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya manjano, inayooteshwa hata kwenye chupa ya maji. Nunua iliyoota kwenye udongo. Mizizi iliyozoea maji ni dhaifu na huchelewa kushika ikihamishwa. Ielekeze ining'inie nje ya ukingo. Ukiiacha ipande kwenye asparagasi, itaifunika na kuinyima mwanga.

Namba tatu ni koleasi, ile ya majani ya rangi nyingi, kwa masharti. Mizizi yake haina ugomvi, ila ina kiu. Kipindi cha kaskazi hulegea kabla asparagasi haijahitaji tone la maji. Ukiimwagilia kila siku, vifundo vya jirani yake vinaanza kuoza. Ipande kwenye kopo lake dogo lenye matundu, kisha zika kopo ndani ya chungu kikubwa, umwagilie kopo tu. Hata Impatiens walleriana, ua dogo la kivulini ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, inahitaji mpango huohuo.



Za kuepuka ni mbili, na ndizo muuzaji atakazokuwekea mkononi kwanza: Chlorophytum, ile ya mistari myeupe inayoning'iniza vitoto, na Sansevieria, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama wima. Zote ni za familia moja na asparagasi, na udugu huo hausaidii kitu ndani ya chungu. Chlorophytum nayo huhifadhi maji kwenye mizizi minene, hivyo mnakuwa na maghala mawili yanayogombea nafasi moja, na ncha zake huungua mapema ukitumia maji ya kisima yenye chumvi. Sansevieria husukuma shina lake la chini ya udongo hadi chungu kinapinda. Ukizipenda, kila moja ikae kwenye chungu chake, uvipange pamoja.

Chungu kiwe na upana wa sentimita 35 hivi na matundu yasiyopungua 3 ya kupitisha kidole. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga wa mto. Wa baharini una chumvi. Asparagasi ikae upande mmoja, si katikati. Kila mwaka kabla ya masika, mwishoni mwa Februari, itoe, vaa glavu kwa sababu ya miiba, igawe kwa kisu kikali na upunguze theluthi ya mizizi. Tunda jekundu likitokea, litoe kabla mtoto, mbwa au paka hajalionja.

Sasa wauzaji. Inauma kuona kipande cha shina kilichochomekwa juzi kikiuzwa kama mche ulioshika. Shika shina, livute kidogo: likikufuata, halina mizizi. Mwambie, "Kaka, naomba unifungulie kifuko niuone mzizi." Mwenye mali nzuri hufungua. Baya zaidi ni vyungu vya mseto vilivyopambwa tayari, ambamo mimea imefukiwa pamoja na vifuko vyake vyeusi vya nailoni, na juu vikamwagwa vikokoto vyeupe kuficha. Mizizi inazunguka ndani ya kifuko mpaka mmea unachoka, na mnunuzi anaambiwa hajui kumwagilia. Kwingine chungu cha saruji kimepakwa rangi vizuri lakini hakina tundu hata moja.

Na bei haijaandikwa popote. Anayeshuka kwenye gari anatajiwa moja, wa bodaboda nyingine, kwa mche uleule. Uliza vitalu vitatu kabla ya kutoa pesa, nunua asparagasi peke yake ikiwa kwenye kifuko, na matawi ya Tradescantia mwombe jirani. Yapo kwenye uzio wa nyumba nyingi mtaani, na wenyewe huyakata na kuyatupa.