Penitentiary (1979): ngumi za selini zinazidi za ulingoni

Nakuru ni mji wa bondia Philip Waruinge, aliyeleta medali ya Olimpiki ya shaba kutoka Mexico 1968 na ya fedha kutoka Munich 1972, kwa hiyo filamu ya ndondi hapa haipewi alama za bure. Mtu aliyezoea kukaa karibu na ulingo pale Madison Square Garden, ukumbi wetu wenyewe wa Nakuru, si ule wa New York, ataanza kuguna mapema akitazama Penitentiary. Ana haki ya kuguna. Asizime tu.

Kuna jina la mwongozaji kwanza: Jamaa Fanaka. Alizaliwa Walter Gordon, Jackson, Mississippi, mwaka 1942, akajichagulia jina la Kiswahili akiwa Marekani. Ni fanaka ileile ya "heri na fanaka" tunayotakiana kila Januari, na jamaa kwa maana ya ndugu na watu wa karibu. Shujaa wake akamwita Martel Gordone; sikiliza jina hilo vizuri. Filamu aliitengeneza akiwa bado mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, wakati wimbi la filamu za Wamarekani weusi za miaka ya 1970 likielekea kutulia.

Gordone, wa kwao wakimwita Too Sweet (Leon Isaac Kennedy), anaomba lifti jangwani, anaingia kwenye ugomvi na watu wa pikipiki, kisha anajikuta na kesi ya mauaji ambayo si yake. Kipande hiki kimepitishwa mbiombio, na wanawake wa filamu hii hawapewi maisha yao wenyewe. Hadithi inakamata moto geti la jela likifungwa.

Half Dead (Badja Djola), wa seli moja naye, anataka kumfanya mke. Wanapigana, na hapo ndipo Fanaka anaonyesha anachokijua. Hakuna refa, hakuna kengele. Seli ni finyu, mkono hauna nafasi ya kuzunguka, hivyo wanakabana, wanasukumana ukutani, wanagombea pumzi. Konde linalofaa mahali kama hapo ni fupi, kiwiko kikiwa kimebana mbavu, nguvu ikitoka kwenye nyonga. Uchovu unaonekana mwilini: mikono inazidi kuwa mizito, jasho linafanya ngozi iteleze. Ni mapigano marefu na ya kutisha, na kila sekunde inaaminika.

Ulingoni mambo yanalegea. Afisa wa gereza anaandaa mashindano. Mshindi ataonana na mwanamke na huenda akafunguliwa mapema. Lakini mabondia wanarusha makonde kutoka nyuma ya bega, kiwiko juu, kidevu wazi. Konde la namna hiyo linasafiri mbali mno. Mpinzani aliyeinua mikono yake akipiga kushoto moja kwa moja anafika kwanza. Tena linakula pumzi: anayepiga hivyo dakika 3 nzima hafiki raundi ya 3 akiwa na miguu. Kamera ndiyo inayopenda konde pana, kwa sababu linaonekana hata kwa asiyejua ndondi. Kocha asimwonyeshe kijana anayeanza sehemu hizo kama somo.

Amwonyeshe kona, pale bondia anapokaa na mwalimu wake. Seldom Seen (Floyd Chatman), mzee aliyezeekea gerezani, ndiye anayemnoa Too Sweet, na uhusiano wao ndio moyo wa filamu. Anayempa mwenzake uhuru ni mtu ambaye mwenyewe hana haja tena ya kutoka. Chatman anaigiza kwa utulivu, macho yake yakifanya kazi kubwa kuliko mdomo.

Inachukua dakika 99 hivi. Kiingereza chake ni cha mitaani na cha jela, kwa hiyo washa maandishi ya chini kama nakala yako inayo. Ina matusi, uchi na vitisho vya ubakaji: watoto wasiwe sebuleni. Kuna ya pili (1982, yenye Mr. T) na ya tatu (1987), ila usianzie huko, maana uzito wa seli ile hauko tena.